Kavira Bila Masika

Jina langu la nyumbani ni Kavira, na limenisumbua tangu nilipojua kusema. Kwetu, sisi Wanande, mtoto hatafutiwi jina, anahesabiwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, na hesabu inaendelea hivyo mpaka mama achoke. Watu wa pwani wakisikia Masika wanawaza mvua. Sisi tunajua tu kwamba mama yule alianza na huyo. Kwa hiyo kila ninapotaja jina langu, mtu ananiuliza palepale: na Masika wenu yuko wapi?

Sina Masika. Nimekulia peke yangu katika nyumba ya mama yangu, Kahongya, mtaa wa Furu, hapa Butembo. Swali hilo lilipoulizwa mbele yake, mama alijibu kwamba Masika alikufa mdogo, kisha akabadilisha mazungumzo. Lakini kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, tulifyeka kaburi la nyanya na makaburi ya wajomba wawili, na sikuwahi kuonyeshwa la Masika. Siku niliyouliza kaburi lake, nikiwa na miaka tisa, mama alinipa jembe akanituma nikachimbe viazi.

Baba yangu alikuwa Mhindi, Mgujarati, jina lake Kantilal, mji mzima ukimwita Kanti. Aliuza vitambaa. Aliondoka wakati serikali ya Zaïre ilipochukua maduka ya wageni, kabla sijazaliwa, na hakuandika hata mstari mmoja. Aliniachia nywele zinazoteleza kwenye kitana na utani wa shuleni. Mama alinipa hesabu: kila alipopima kitambaa alihesabu kwa lugha ya dukani kwa Kanti, ek, be, tran, char, akipiga meza kwa kiganja kila namba. Nilijua kuhesabu Kigujarati kabla sijajua kwamba ni Kigujarati.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina miaka hamsini, mume wangu alishafariki, watoto wangu wako Goma na Kampala, na mguu wangu wa kulia haujui kutulia. Hata nikiwa kanisani unakanyaga pedali ambayo haipo. Jina langu la ubatizo ni Joyeuse, yaani mwenye furaha, na wateja wangu wanasema siku ile padri alikuwa na haraka.

Basi Jumamosi moja alikuja Malachie, jirani yetu mwenye duka la dawa. Alikuwa ametoka Beni kununua bidhaa kwa Jayesh, Mhindi anayeuza dawa kwa jumla. Jayesh alimuuliza kama Butembo kuna mama mzee anayeitwa Kahongya, aliyewahi kukaa na muuza vitambaa Kanti. Jina lake limo ndani ya kitabu, alisema, na kitabu hicho kimepata tuzo kubwa huko India, tuzo ya waandishi wa Kigujarati. Kama mama huyo yu hai, aletwe Beni mwenyewe. Malachie hakujua zaidi ya hapo. Nilimhoji mara tatu, mara ya nne akaondoka.

Nilijua papo hapo ni nini. Nilijua vibaya, lakini nilijua. Baba ameandika kitabu. Mtu aliyeshindwa kuandika barua miaka hamsini, kumbe alikuwa anaandika kitabu, na sasa anapigiwa makofi kwa ajili yetu. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni.

Nilimkuta mama uani anachambua maharagwe. Nilipomwambia, alisimama, akamwaga mazuri na mabovu pamoja ndani ya ungo, akaenda kulala saa nne ya asubuhi. Mama yangu ana miaka sabini na mbili na sijawahi kumwona kitandani jua likiwa nje, isipokuwa wakati wa malaria.

Nilitaka tuondoke Jumatatu. Jumatatu ikawa ville morte, maduka yote yamefungwa, vijana wamelaza magogo barabarani, hakuna gari linalotoka. Jumanne vilevile. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa na gauni la Victorine, mke wa afisa mmoja kutoka Kasaï, kitenge cha bei, na nikalishonea mikono miwili ya kushoto. Nilifumua, nikashona, nikaona nimeshona vilevile tena. Mama alikula vijiko viwili kwa siku. Kila nilipofungua mdomo kumuuliza Kanti angeandika nini juu yake, alisema ana usingizi.

Jumatano barabara ilifunguka. Nilimkodi Urbain, kijana wa mtaani mwenye gari dogo, akakubali kwa sharti moja: saa nane kamili tuwe tumeanza kurudi, kwa sababu jioni barabara ya Beni ni ya watu wenye bunduki, tunajua sote. Mama alivaa kitenge chake cha Noeli na kilemba. Alikaa kiti cha nyuma pamoja nami akishika mkoba uliokuwa mtupu. Nilikuwa nimeutazama.

Tulivuka Maboya. Kabla ya Kabasha kulikuwa na kizuizi cha askari, na msururu wa magari mbele yetu. Urbain alishuka na karatasi zake. Mguu wangu ulikuwa unapiga sakafu ya gari, na mama akauangalia kwa muda.

“Masika hakufaka,” alisema.

Nilifikiri sijasikia.

“Baba yake njo alimupelekaka. Alikuwa na miaka tatu.”

Kisha akaniambia yote, macho yake yakiwa kwa askari nje ya dirisha. Kanti alikuwa ametoa mbuzi wote wa mahari waliotakiwa, kumi na wawili, mbele ya wazee wa ukoo wa mama, kama mume yeyote wa Kinande. Duka liliponyang'anywa, alikuja kwa babu akasema anarudi kwao na anamtaka mtoto wake. Wazee walikaa nusu siku. Wakasema mbuzi wameliwa, mtoto ni wa baba yake, sheria haina rangi ya ngozi. Mama hakuulizwa. Alimfunga Masika viatu yeye mwenyewe.

“Na miye?” niliuliza.

“We' ulikuwa mu tumbo, miezi tatu. Hakuna mutu alijua. Nilifunga kitenge nguvu sana, nikanyamaza. Kama bangejua, na we' ungekuwa wake. Donc nilipeana moya, nikaficha moya.”

Niliuliza kwa nini basi aliniita Kavira, kwa nini hakunipa jina la kwanza yakaisha. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanashuka mlima.

“Hesabu haidanganyaka, Kavira. Nilisema amekufa kwa sababu mufu, batu habamuulizake atarudia siku gani. Mais sikuweza kusema hakuzaliwa.”

Urbain alirudi, tukapita. Nilikuwa na dada. Nilikuwa na hasira na mama, na babu aliyekwisha kuoza, na mbuzi. Tena nilikuwa na hofu mpya, kwamba tunaenda kusomewa kitabu cha Kanti ambamo Masika amekufa kweli.

Jayesh alitungoja mlangoni mwa duka lake, kati ya makatoni ya sirapu na sindano. Mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, miwani imeshikizwa na uzi. Alipomwona mama aliinama akamgusa miguu, kama Wahindi wanavyowaheshimu wazee wao. Mimi nilishtuka. Mama hakushtuka hata kidogo. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha yule mtu, akakiacha kidogo, akakiondoa, jambo ambalo mkono wake ulikuwa bado unalikumbuka. Jayesh aliinuka macho yamelowa, akasema wasingya, neno letu la shukrani, kwa matamshi yake ya ajabu.

Alitupa viti, akaniuliza mimi ni nani. Nilisema ni mtoto wa Kahongya. Alifuta miwani, akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Kisha akasema kwamba kitabu si cha Kanti. Kanti amekufa miaka sita iliyopita katika mji wa Rajkot, na maisha yake yote hakuandika ila hesabu za duka. Kitabu kimeandikwa na binti yake. Tuzo ile hutolewa kila mwaka kwa mwandishi mmoja wa Kigujarati, na mwaka huu imemwendea mwanamke anayeitwa Hansa. Jayesh aliiona habari katika simu yake, na kilichomfanya aketi chini ni jina la Butembo katikati ya herufi za kwao.

“Lakini kwa kitabu anaweka jina ingine pembeni,” alisema. “Jina ya kuandikia. Iko hapa. Masika.”

Mama hakulia. Alisema tu, “Iko muzima?”

“Muzima, maman. Hii ni mwezi jana.”

Alifungua video. Ukumbi mkubwa, jukwaa, meza yenye maua, watu sita wameketi. Wa pili kutoka kushoto alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mweusi kuliko wenzake, nywele zimekatwa fupi. Mtu alikuwa anahutubia, na chini ya meza, chini ya sari ya kijani, mguu wa kulia wa mwanamke yule ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mama alinigusa goti bila kuniangalia. Hapo ndipo nilipolia, na sikuona aibu.

Baadaye walimwita mbele, wakamfunika shali mabegani. Mama aliuliza kwa nini wanamfunika kama bibi arusi. Jayesh akaeleza kwamba kwao mwandishi huheshimiwa hivyo, shali kwanza, cheti baadaye.

Kitabu chenyewe alikuwa ameagiza, kikafika kwa ndege kupitia Entebbe. Alitusomea akigeuza kwa Kiswahili, taratibu, akifuta jasho. Hansa anaandika kwamba alilelewa akiambiwa mama yake ni mwanamke wa Kigujarati aliyefia Kampala kwa uzazi. Shuleni walimuuliza mbona ana rangi ile, nyumbani wakamwambia ni jua la Afrika. Siku ya kufa, baba yake alitaja maneno matatu: Butembo, Kahongya, Masika. Akasema Masika ni jina alilokuwa akiitwa Hansa utotoni, na Kahongya ni mama yake. Alipoulizwa Kahongya yuko wapi, akasema amekufa, akageukia ukutani. Kitabu kinamtafuta mwanamke aliyekufa. Kuna moshi wa mikaratusi ndani yake, kuna maharagwe yanayotokota, kuna mikono inayofunga kiatu. Hakuna uso. Anaandika kwamba hajui jina Masika lina maana gani, na kwamba labda halina.

Kumbe kila upande uliua. Kanti alimuua mama kule, mama alimuua Masika huku, na mimi niliyekuwa hai sikuwamo katika hesabu ya mtu yeyote. Naisema wazi: nilimwonea wivu. Alipata shule, alipata vitabu, alipata baba, hata kama ni baba wa kugeukia ukutani. Mimi nimepata cherehani. Nilimwangalia yule mwanamke wa shali, nikatamani kumwambia kwamba aliyefungwa viatu na aliyefungiwa kitenge, sijui ni nani alibahatika.

Lakini kulikuwa na shida, na Jayesh aliitoa mwishoni kama daktari. Tangu tuzo itangazwe, watu wengi wameandika. Mmoja kutoka Kampala anajiita kaka yake, wawili kutoka Nairobi kila mmoja anajiita mama yake, mwingine ana cheti chenye mhuri. Hansa ameugua kwa ajili yao. Katibu wake sasa anakataa picha na karatasi, anapokea ujumbe mmoja tu wa sauti kwa kila mtu, na lazima uwe na kitu kisichokuwamo kitabuni. Usipomgusa Hansa, namba inafungwa. Jayesh alikuwa ameomba nafasi kwa niaba yetu, akapewa, leo.

Saa ilikuwa sita na nusu. Nilianza kupanga maneno. Nilimwambia mama aanze na mbuzi kumi na wawili, aende kwa jina la babu, kisha duka lilikuwa upande gani wa barabara, kisha nitaingia mimi nieleze kwamba nimezaliwa miezi sita baada ya wao kuondoka, na ushahidi wa jina langu. Nilichukua karatasi ya dawa nikaandika nyuma yake. Nilifuta, nikaandika upya. Jayesh alitafsiri mstari wa kwanza kwa majaribio, nikamwambia hapana, unatoka kama barua ya polisi.

“Nyamaza kidogo, Kavira,” mama alisema.

Alichukua simu, akauliza aguse wapi. Jayesh alimwonyesha. Mama aliiweka mbele yake juu ya meza ya kuuzia, akanyoosha kitenge chake kwenye mapaja, akavuta pumzi.

“Masika, ni miye mama,” alisema. Akapiga meza kwa kiganja. “Ek, Masika.” Akapiga tena. “Be, Kavira.”

Akamrudishia Jayesh simu. Nilimwambia hayo si kitu, mama, umesahau mbuzi, umesahau duka, tulikuwa na nafasi moja. Alisema amemaliza. Jayesh alitutazama wote wawili, kidole kikiwa hewani, kisha akatuma.

Tulingoja. Wateja waliingia, wakanunua paracétamol, wakatoka. Nilihesabu makatoni ya sirapu, nikayahesabu kutoka upande wa pili. Saa saba. Saa saba na nusu. Nilitoka barabarani, nikarudi, nikamuuliza Jayesh kama mtandao upo, akasema upo, nikamuuliza kama ana uhakika. Saa nane kasorobo Urbain alipiga honi. Saa nane alikuja mwenyewe mlangoni, akasema kwa heshima kwamba magari ya mwisho ya Butembo yanaondoka na yeye hatabaki nyuma peke yake barabarani. Alikuwa na haki. Nilimshika mama mkono.

Mama hakuinuka. Alisema yeye alishaondoka mara moja kabla ya wakati, pale kwa wazee, alipoingia ndani ili asione gari likienda, na leo hataondoka. Urbain aende, yeye atalala kwa masista. Urbain alinitazama mimi, kana kwamba nimewahi kumshinda mama kwa kitu. Akakaa juu ya katoni na kusema dakika kumi.

Simu ililia katika dakika ya saba au ya nane. Jayesh aliitazama, hakuisikiliza kwanza, aliiweka mbele ya mama na kubonyeza.

Kwanza ilikuwa pumzi tu, nzito, ya mtu aliyepanda kilima. Halafu tukasikia kiganja kikipiga mbao, kwa mpigo uleule ambao nimeusikia maisha yangu yote kwenye meza ya nyumbani, na sauti ya mwanamke ikasema, “Ek.” Kiganja tena. “Be.” Kisha kimya kirefu, mpaka Urbain akasimama. Kiganja kilipiga mara ya tatu, polepole, na sauti ile ikapanda mwishoni.

“Tran?”

Jayesh alianza kueleza kwamba anauliza. Mama alimzuia kwa mkono, akasema amesikia. Aliutafuta mguu wangu chini ya meza kwa mguu wake, akaukanyaga ukatulia, akainamia simu.

“Hapana tran, mutoto yangu,” alisema. “Muko babili tu.”